MREJESHO: Mikono kuchoka kwa kayaki, shida ilikuwa miguu

Wadau habari zenu, mnakumbuka niliuliza mbona nikipiga kafi mita 500 hapa Dunga, Kisumu, mikono inaisha nguvu hata kabla ya nusu, na wengi mkaniambia nicheki miguu. Aki mlikuwa sahihi kabisa.

Kibao cha kukanyagia kilikuwa mbali sana, miguu imenyooka kama mtu amelala, sasa mguu utasukuma nini? Nimekivuta karibu hadi magoti yakakunja vizuri, halafu nikaanza hivi, kafi likiingia maji kushoto, karibu na vidole vya mguu, mguu wa kushoto unasukuma kibao, goti linanyooka, nyonga ya kushoto inarudi nyuma na kifua kinazunguka nayo, wa kulia nao unavuta ule mkanda unaoshika miguu kwa kibao. Siku ya kwanza nyama za tumbo ziliuma vibaya, mikono haikuuma, hapo nikajua kazi imehama.

Kitu sikuwa nimeelewa ni kwamba kafi linashika maji tu, boti linaenda mbele kwa sababu ile nguvu inapitia kwa mwili hadi kwa kibao na kiti, kwa hivyo mguu ukilegea nguvu inapotea njiani.

Pia nilikuwa navuta kafi hadi nyuma ya kiuno, huko linainua maji tu na boti linadidimia, siku hizi nalitoa likifika nyonga. Asubuhi kabla upepo uamke namaliza 500 yote bila kusimama.

Asanteni sana, kweli.