Inspekta ameipa shule yetu matokeo mabaya: tumwondoe direkta, tuhamishe watoto, au kwanza tuisome ripoti?

Mzazi, Katuba

Jumamosi iliyopita wazazi tuliitwa shuleni. Ni shule ya msingi ya serikali inayosimamiwa na kanisa, kama zilivyo nyingi hapa Lubumbashi, Kongo, tangu mkataba wa serikali na makanisa wa 1977. Jina lake naliacha, maana watoto wetu bado wamo humo. Direkta, mkuu wa shule, alisimama na karatasi mkononi, akatuambia inspekta alipita, alikaa siku mbili, na matokeo si mazuri. Kisha akaikunja karatasi.

Papa mmoja aliyekaa nyuma akauliza: si mazuri namna gani? Hakujibiwa. Hapo ndipo kelele zilipoanza. Wengine wakataka direkta aondolewe kabla ya mwezi kuisha. Mama mmoja alisema wiki hii hii anamtoa mtoto wake. Wazee wawili wakatuomba tutulie, tusiiaibishe shule iliyotufundisha hata sisi. Tukatawanyika kila mtu na hasira yake, na hakuna aliyejua kilichoandikwa.

Mimi niko kwenye kamati ya wazazi. Jumatatu nilikwenda kuomba niisome. Direkta alisita, akanipa, nikakaa nayo ofisini karibu saa nzima. Kurasa nne. Kalasi ya kwanza ina watoto 94 na madawati 20. Walimu wanne kati ya kumi na wawili hawakuwa na fisha, yaani karatasi za maandalizi ya masomo ya siku ile. Rejista ya kalasi ya tatu ilikuwa haijajazwa kwa wiki mbili. Choo cha wasichana hakina mlango. Na katika kalasi ya nne inspekta aliwaita watoto kumi, akawapa sentensi kutoka kitabu cha kalasi ya pili waisome. Watatu tu ndio walioifikisha mwisho.

Mtoto wangu yuko kalasi ya nne. Jioni ile nilimpa kitabu chake nikamwambia anisomee. Alisoma ukurasa mzima bila kukwama, nami moyo ukatulia. Nilipofunua ukurasa ambao mwalimu hajaufikia, akanyamaza. Ule wa kwanza alikuwa ameukariri. Nimelipa daftari na sare miaka minne, na kila jioni nilimwona ameinamia kitabu, nikaamini anasoma.

Maoni yangu ni haya: ripoti ile si mali ya direkta. Isomwe yote mbele yetu, kwa Kiswahili, halafu ibandikwe pale mlangoni. Watoto 94 katika chumba kimoja si kosa la mwalimu wala la direkta, maana sheria haiwaruhusu kumfukuza mtoto. Rejista tupu ni kosa la mwenye kuijaza. Lakini kwa kuwa hatukusomewa kitu, tumeyaviringisha yote pamoja na kumbebesha mtu mmoja. Mnasemaje?

Mama, komuni ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi

Papa, nimekuelewa, lakini mtoto hangoji. Ripoti ikisomwa, ikibandikwa, barua zikiandikwa, mtoto amekwisha pita kalasi mbili.

Mimi nilikuwa na msichana kalasi ya tano katika shule ya bure. Elimu bure ilipoanza Septemba 2019 nilishangilia kwa moyo wote, maana nilikuwa na watatu wa kulipia, na Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 43, ilikuwa imeahidi tangu zamani. Lakini pesa haikuisha kutoka. Leo ya chaki, kesho ya mlinzi, keshokutwa ya karatasi za mtihani. Na mtoto alikuwa hajui kuandika barua ya mistari mitatu. Nauza bunga (unga) hapa sokoni. Nilikaa na mume wangu tukapiga hesabu, tukamhamishia shule ya kulipia, kalasi yenye watoto 35. Mwezi wa nne alisoma karatasi iliyotoka shuleni, akanieleza maana yake bila kusaidiwa na kaka yake. Siku hiyo nililia.

Kwa hiyo mama yule aliyesema anamtoa mtoto wiki hii, msimlaumu. Kama ana uwezo, amtoe. Nasema kama ana uwezo, maana najua wadogo wa msichana wangu bado wako kwenye shule ile ile. Wote sikuweza kuwahamisha.

Mwalimu, Kampemba

Mama, sikulaumu hata kidogo. Lakini naomba mniruhusu nifungue mlango wa kalasi mwone ndani, maana mimi nafundisha kalasi ya pili, huu ni mwaka wangu wa 14.

Fisha ya maandalizi ni karatasi ambayo mwalimu anaandika somo litakavyokwenda: lengo, vifaa, maswali ya kuanzia, mazoezi, na swali la mwisho la kujua kama wameelewa. Kila somo na fisha yake. Kwa siku ni masomo sita au saba, na yote yanaandikwa kwa mkono, usiku, kwa karatasi ninayonunua mwenyewe. Nakubali kabisa kwamba mwalimu asiyeandaa anabahatisha. Nimeshuhudia hata kwangu: siku niliyoingia bila fisha, watoto walijua kabla ya saa nne. Lakini ulizeni usiku ule mwalimu alikuwa wapi. Kabla ya 2019 primu, yaani pesa ambayo wazazi walitulipa sisi walimu, ndiyo iliyotuweka, na hapa mjini mara nyingi ilipita mshahara wa serikali. Ilipoondolewa, wengi tulishuka. Shuleni kwetu wawili ni wale tunaowaita NU: wanafundisha kila siku, lakini hawamo kwenye orodha ya malipo ya serikali. Primu ndiyo ilikuwa inawalisha. Sasa mmoja anafundisha asubuhi na jioni anauza makala, mkaa wa kupikia. Fisha ataandika saa ngapi? Wakati huo huo kalasi yangu imetoka watoto 50 na kitu ikafika 88, na madaftari 88 ya kusahihisha siwezi kuyamaliza hata nikikesha.

Kuhusu kubandika ripoti mlangoni, hapo nakataa. Mdogo wangu yuko Uingereza. Kule kazi ya ukaguzi inafanywa na Ofsted, iliyoundwa 1992, na ripoti zake kila mzazi anaweza kuzisoma. Kwa miaka mingi shule ilikuwa inapewa hukumu ya jumla ya neno moja au mawili. Januari 2023 mwalimu mkuu mmoja alijiua baada ya shule yake kukaguliwa, na Desemba mwaka ule uchunguzi wa kifo chake uliamua kwamba ukaguzi ule ulichangia. Septemba 2024 hukumu ile ya jumla ikaondolewa kwa shule za serikali. Hayo yametokea katika nchi ambayo mwalimu hauzi makala. Hapa kwetu, karatasi ikibandikwa mlangoni, watoto ndio watakaoisoma kwanza, na kesho yake hakuna atakayemsikiliza mwalimu.

Mzazi, Ruashi

Mwalimu, njaa yako naielewa, nami si tajiri. Lakini rejista haitaki karatasi mpya wala kukesha. Ni kuita majina na kutia alama. Wiki mbili! Mtoto wangu akipitia upande wa machimbo asifike shuleni siku tatu, nani ataniambia?

Mwalimu mstaafu, Kamalondo

Wanangu, nimewasoma wote, na kuna jambo mmelipita kama jiwe la njiani.

Inspekta aliwapa watoto kumi sentensi. Papa wa Katuba hakutuambia ilikuwa lugha gani, lakini mimi naijua bila kuambiwa: Kifaransa. Swali langu ni moja. Je, kuna mtu aliyewapa watoto wale sentensi ya Kiswahili?

Nilifundisha kalasi ya kwanza miaka 31, mwanzo katika shule za kampuni ya migodi, baadaye shule ya kanisa. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inasema lugha za taifa, au lugha za mahali, zitumike kufundishia na pia zifundishwe zenyewe kama somo. Kwetu hapa maana yake ni Kiswahili. Lakini ingieni kalasi nyingi za mji huu mwone: tangu siku ya kwanza mtoto wa miaka sita anawekewa Kifaransa ubaoni.

Kusoma ni kugundua kwamba alama ile ni sauti ile. Katika Kiswahili mtoto akijua m na a, ana ma, na mara hiyo hiyo ana mama, tena ana mwanzo wa maji na wa makala. Kila alichokisoma anakijua nyumbani. Anajua kuwa amesoma sawasawa kwa sababu neno linamjibu. Sasa mwandikie neno la Kifaransa la maji: e, a, u. Herufi tatu, sauti moja, o, na hiyo o yenyewe haimo kati ya zile tatu! Mtoto ambaye hajui bado kwamba herufi ina sauti, na neno lile hajalisikia kwa mama yake, atafanya nini? Atakariri. Atamtazama mwalimu mdomoni na kushika wimbo wa sentensi. Hivyo ndivyo mtoto wa Papa alivyosoma ukurasa mzima na kunyamaza kwenye wa pili. Si mjinga. Ameshika njia pekee aliyoachiwa.

Na wazazi tuna mkono wetu hapo. Nilipokuwa nafundisha kusoma kwa Kiswahili, wazazi walikuja kunigombeza: mtoto hakuja shule kutafuta Kiswahili, anacho nyumbani. Wengine walisema Kiswahili cha vitabu, hicho tunachokiita Kiswahili bora, si chetu. Ni kweli kitabu kinaandika "watoto wanakwenda" na sisi nyumbani tunasema "batoto banaenda". Lakini kutoka banaenda mpaka wanakwenda ni hatua moja, mtoto anairuka akicheza. Kutoka banaenda mpaka Kifaransa ni mto.

Kifaransa wakijue, tena sana. Mtihani wa kalasi ya sita utawangoja kwa Kifaransa, na ule wa serikali mwisho wa sekondari vilevile. Nasema tu kwamba mtoto anajifunza kusoma mara moja tu maishani. Akishajua kwa lugha moja, ya pili anaongezea maneno.

Mzazi, Katuba

Mzee wetu, aksanti. Ndiyo, sentensi ilikuwa ya Kifaransa, nami sikuona hata haja ya kuitaja.

Jana usiku nilichukua kalamu nikaandika kwenye kipande cha karatasi: Kesho mama ataenda soko kununua samaki na makala. Nikampa mtoto. Alikwama kwenye "kununua", akairudia mara mbili, akafika mwisho. Halafu akaniuliza kama ni kweli tutakula samaki. Alikuwa ameelewa. Kalasi ya nne, na nadhani ndiyo sentensi ya kwanza ambayo hakuna mtu aliyemsomea kabla.

Kwa hiyo nimebadilika kidogo, na nataka kusema ni wapi. Mwalimu wa Kampemba, umenishinda kuhusu mlango. Watoto wasiikute ripoti ukutani, na majina ya wale walimu wanne yasitajwe mbele ya umati. Direkta azungumze nao ofisini. Lakini hata kule Uingereza ulikotupeleka, waliondoa ile hukumu ya jumla, ripoti hawakuificha. Sisi tulipewa hukumu bila ripoti: "si mazuri", basi. Kurasa nne zile ndizo zilizonifanya niache kumchukia direkta, maana nilisoma humo kwamba ameandika barua tatu kuomba madawati. Wazazi 200 wa shule ile hawajui hilo. Bado wanataka aondoke.

Mama wa Kenya, sitakuambia umrudishe mtoto. Lakini wale wadogo uliowaacha, na watoto wa majirani ambao hawana hata bunga la kuuza, nani atawasemea kama kila mwenye sauti amehama? Nakuomba uje kwenye mkutano wetu, hata kama wako wanasoma shule nyingine. Ulivyosema hapa, kaseme vilevile pale.

Papa wa Ruashi, rejista hiyo nitaiulizia mimi mwenyewe, na kila Ijumaa mjumbe mmoja wa kamati ataitazama. Hapo hatuhitaji ruhusa ya mtu.

Direkta amekubali ripoti isomwe yote Jumamosi hii saa tatu, akipata ruhusa ya wasimamizi wa kanisa. Mlango wa choo cha wasichana tutautengeneza sisi wenyewe. Seremala ni mzazi wa kalasi ya pili na mbao ameahidi. Na nitauliza mbele ya wote kwa nini kalasi ya kwanza na ya pili hazifundishwi kusoma kwa Kiswahili kama sheria inavyosema. Najua watakaonipinga ni wazazi wenzangu.

Lililobaki linaniumiza kichwa ni wale 94. Direkta anafikiri kuwagawa: 47 waje asubuhi, 47 mchana, kwa mwalimu yule yule, mpaka apatikane mwingine. Wengine wanasema ni afadhali. Mimi naona mwalimu mmoja akifundisha kalasi mbili kwa siku atachoka kabla ya Krismasi, na watoto wa miaka sita watarudi jioni, tena mwezi wa kumi na mbili mvua inapiga. Mwenye mtoto mdogo anayesoma mchana atuambie: anafika nyumbani saa ngapi, na anatembea na nani?