Naomba ushauri: Toyota Aqua ya 2013 au nibaki na gari la kawaida?

Habari za leo, ndugu zangu. Nimetumia gari la petroli la otomatiki kwa miaka tisa, na sasa nataka kununua Toyota Aqua ya mwaka 2013, ambayo ni haibridi, yaani hutumia injini ya petroli pamoja na mota za umeme. Nilipofungua boneti ya ile niliyoonyeshwa sikuona fenibelti hata moja, kwa sababu kompresa ya kiyoyozi na pampu ya maji huendeshwa kwa umeme, wala haina stata na alternata za kawaida. Kazi za kuwasha injini na kuzalisha umeme hufanywa na mota zilizomo ndani ya gia boksi, ambamo nguvu ya injini na ya umeme huunganishwa na gia ndogo zinazoizunguka gia ya katikati. Hata kurudi nyuma ni kazi ya mota. Kwa kweli napenda upungufu huo wa vitu vya kuchakaa.

Hofu yangu ni betri kubwa iliyo chini ya kiti cha nyuma, kwani tundu la hewa ya kuipoza lilikuwa limeziba kwa vumbi. Mliokaa na gari hili, naomba mnieleze: betri hiyo hupimwaje kabla ya kununua, na oili ya gia boksi mnaibadilisha baada ya kilomita ngapi?