Mawakili wa O.J. Simpson waliishia wapi?

Mdadisi: Wakuu, jana nimekesha nikitazama tena hukumu ile ya Oktoba 3, 1995, O.J. Simpson, yule nyota wa soka la Marekani, alipoachiwa huru kwenye kesi ya mauaji ya mtalaka wake na rafiki wa mtalaka huyo. Robert Kardashian, rafiki yake na mmoja wa mawakili wake, alivyoduwaa, utadhani kashindwa yeye! Hivi baada ya pale mawakili wale walienda wapi?

Kalamu Nyeusi: Marcia Clark, mwendesha mashtaka mkuu wa kesi ile, aliacha kazi hiyo, akageukia riwaya za upelelezi. Mwenzake Christopher Darden akaenda kufundisha sheria.

Karani Mstaafu: Mimi namsikitikia F. Lee Bailey, wa upande wa Simpson. Kesi walishinda, lakini mwaka 2001 Florida ikamfutia uwakili, sababu alivyozishughulikia vibaya hisa za mteja mwingine kabisa. Hisa, jamani!

Mdadisi: Na Johnnie Cochran, kiongozi wa mawakili wa Simpson, mkuu?

Karani Mstaafu: Huyo jina lilipaa, ofisi zikaenea. Uvimbe wa ubongo ukamchukua 2005.