Jiliwa ya kushikia bodi wakati wa kulehemu: ipi kwa kazi ipi?

bodi_na_waya
Wakuu, habari za kazi. Natafuta jiliwa ya kushikia bodi ya saketi. Kazi zangu ni mbili: kuunda vikuza sauti kwa vijenzi vya miguu (vinavyopita kwenye matundu ya bodi), na kutengeneza bodi mbovu zenye SMD, yaani vijenzi vidogo vinavyolehemiwa juu ya bodi bila matundu. Sasa hivi natumia kile kishikio kinachoitwa mkono wa tatu, chenye vibano vya meno. Bodi ikiwa nzito huinama, na nikiigusa kwa ncha ya pasi inakimbia. Nalinganisha PanaVise yenye mikono ya kushikia bodi, Stickvise, na vile vishikio vya aluminiamu vya mafundi simu. Nataka kununua moja tu.

lehemu183
Kwa vijenzi vya miguu chukua PanaVise, mkuu. Kitako chake cha kawaida kinainama digrii 210 na kuzunguka 360, na yote hayo unayakaza kwa kifundo kimoja. Mikono ya bodi ina mfereji unaopokea ukingo, na mmoja una springi. Unachomeka vijenzi upande wa juu, unakunja miguu kidogo isidondoke, unapindua bodi, unalehemu, kisha unairudisha kukagua. Hakuna kuifungua hata mara moja. Ukishazoea hilo, vibano vya meno hutavitamani tena.

Ubaya wake ni urefu. Bodi inakaa juu na kiganja hakina pa kuegemea. Kwenye rezista ndogo za SMD mkono usioegemea unatetemeka, na kama unatumia hadubini utaipandisha mpaka nguzo iishe. Halafu kitako kifunge kwa skrubu mezani, la sivyo bodi kubwa itakiangusha.

hewa_moto
Nakubali kuhusu kiganja. Ila mimi ningeanza na swali la jiliwa inabanaje, kabla ya jina lake.

Bodi ya FR-4 (nyuzi za kioo na resini) ya kawaida huanza kulainika kwenye nyuzi 130 hadi 140 za Selsiasi. Lehemu isiyo na risasi ya SAC305 huanza kuyeyuka kwenye 217. Kwa hiyo ukiipasha bodi kutoka chini na kumalizia kwa bloa ya hewa moto, bodi inalainika mapema, lehemu ikiwa bado ngumu kabisa. Jiliwa ya skrubu iliyokazwa kwa nguvu itaipinda katikati, na ikipoa itabaki hivyo hivyo. Hata bila joto, kapasita za seramiki hazivumilii bodi kupindwa. Zinapata ufa ambao jicho halioni, mteja anaondoka na kifaa kinachofanya kazi, kisha kapasita inafanya shoti akiwa nacho. Fundi anahangaika na aisi (chipu) kumbe chanzo ni jiliwa.

Springi inasaidia kwa sababu bodi ikipanuka, taya inarudi nyuma. Ndiyo maana kwa SMD naipenda Stickvise: inabana kwa springi, inalala karibu na meza, na kiganja kinatulia. Ukitumia bloa, weka taya za PTFE (plastiki inayovumilia joto) badala ya zile za plastiki ya kawaida.

graundi_kwanza
Vishikio vya aluminiamu ni vizuri kwa bodi ndogo ya simu, basi. Taya ya chuma hunyonya joto, na bodi nyingi zina shaba ya graundi mpaka karibu na ukingo. Lehemu kwenye pedi (kipande cha shaba kinacholehemiwa) iliyo jirani na taya inakataa kuyeyuka, mtu anapandisha pasi, pedi inang'oka. Kama ndivyo ulivyo navyo, weka utepe wa Kaptoni (unaovumilia joto) kati ya taya na bodi.

bodi_na_waya
Asanteni sana. Bodi zangu za vikuza sauti zina upana wa sentimita 20 hivi na transfoma juu yake. Stickvise itazimudu?

hewa_moto
Kwa hizo hapana. Hata taya zikifika, ukipindua bodi transfoma itagonga meza kwa sababu jiliwa ni fupi. Kwa moja tu, nakurudisha kwa lehemu183.

lehemu183
Chukua PanaVise, na kwa SMD tengeneza vipande viwili vya mbao vyenye kimo cha bodi, uviweke kulia na kushoto kama egemeo la viganja. Hapo hasara ya urefu inapungua sana. Transfoma iwe karibu na mkono mmoja wa jiliwa, isining'inie katikati.

Kuhusu kubana, kaza mpaka bodi isisogee ukiisukuma kwa kidole, uishie hapo. Kisha laza rula ya chuma juu ya sehemu isiyo na vijenzi. Ukiona mwanga unapita chini ya rula, umezidisha. Legeza kabla hujawasha pasi.