Tupeane uzoefu: "ningalijua" ya Kifaransa ilikukaa vipi kichwani?

Madame wa Shangani
Habari za jioni ndugu zangu wa Kusini na wengine wote. Nafundisha Kifaransa hapa Mtwara mjini. Mchana niko shuleni, jioni nina darasa dogo la watu wazima barazani kwangu: wafanyabiashara wanaopeleka mizigo Comoro, vijana wanaotafuta kazi kwenye gesi ya Mnazi Bay, na yeyote anayependa kujifunza.

Wiki hii tumefika conditionnel passé, yaani -ngali- ya Kifaransa, na darasa limekwama pale pale linapokwama kila mwaka. Kuunda si tatizo. Unachukua avoir (kuwa na) au être (kuwa) katika conditionnel ya sasa, yaani -nge- yao, unafuatisha participe passé, umbo la kitenzi la tendo lililokwisha, basi. J'aurais vendu (ningaliuza), tu aurais vendu, il aurait vendu, nous aurions vendu, vous auriez vendu, ils auraient vendu. Vitenzi kama kwenda, kuja, kufika, kuondoka, kuzaliwa na kufa, pamoja na vile vya se (kama -ji- yetu), vinataka être: je serais parti (ningaliondoka), elle se serait levée (angaliamka). Hilo wanalishika siku mbili tu.

Kinachotukwamisha ni Kiswahili chetu wenyewe. Sisi tunasema: "Tungalingoja mnada wa pili, tungaliuza korosho kwa bei nzuri." -ngali- huku, -ngali- kule, sentensi imekaa sawa kama mizani. Mfaransa anaiweka upande mmoja tu, upande wa matokeo. Upande wa sharti, baada ya si (yaani "kama"), anaweka plus-que-parfait, ile ya "nilikuwa nimefanya": Si nous avions attendu la deuxième vente aux enchères, nous aurions mieux vendu nos noix de cajou. Mwanafunzi wangu ataandika "si nous aurions attendu", na ukimwuliza sababu anakujibu kwa haki kabisa: "Madame, mbona kwetu pande zote mbili zinafanana?"

Mimi mwenyewe niliikosea kwenye mtihani wa mdomo wa DELF, cheti cha Kifaransa, baada ya miaka sita ya kusoma. Nilisema "si j'aurais su", mtahini akaacha kuandika akaniangalia, nami nikasikia masikio yanawaka. Usiku ule nilikaa na daftari nikaandika sentensi hamsini, kila moja kwanza kwa Kiswahili, -ngali- ya kwanza nikiizungushia duara jekundu: hii inageuka avais au étais. Duara lile ndilo nililonalo mpaka leo ubaoni.

Wewe ilikukaa vipi? Karibuni.

Jahazi la Mikindani
Shikamoo Madame. Mimi nitasema ya biashara.

Napeleka vitunguu na mbuzi Moroni kupitia bandari yetu. Kwa mdomo tunaelewana, maana Kikomoro na Kiswahili ni ndugu, ukisikiliza kwa utulivu unapata. Lakini maandishi yote ni Kifaransa: ankara, risiti, hata meseji za wateja wengine. Kifaransa changu nilijifunza kwa kusoma hizo karatasi, sikupita darasani.

Siku moja mteja wangu akaniandikia: Je vous aurais payé hier, mais la banque était fermée. Nilikuwa bandarini, jua la saa saba, simu nimeikinga kwa kiganja nione. Macho yakaokota payé na hier. Nikasema alhamdulillahi, amelipa jana. Palepale nikampigia mwenye mbuzi Nanyamba nikamwahidi fedha yake jioni, nikachukua na mzigo mwingine wa vitunguu kwa mkopo.

Jioni hakuna fedha. Kesho hakuna. Nikaanza kumfikiria vibaya yule mzee, na nilimtumia meseji ambayo mpaka leo inaniuma. Akanipigia akaniambia kwa upole, "Mwanangu, nilikuambia ningalikulipa jana, benki ilikuwa imefungwa. Sikusema nimelipa." Alilipa siku ya nne, yote.

Tangu hapo nina mistari mitatu nimeibandika ndani ya jalada la kitabu cha hesabu:
j'ai payé, nimelipa.
j'aurai payé, nitakuwa nimelipa.
j'aurais payé, ningalilipa, yaani SIJALIPA.

Kati ya mstari wa pili na wa tatu kuna s moja tu, na kwa sikio wengi hutamka sawasawa. Anayefanya biashara na upande ule aitazame hiyo s kabla ya kuachia mzigo.

Madame wa Shangani
Marahaba kaka. Umeeleza jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka: conditionnel passé ni kitenzi kinachotaja tendo na papo hapo kulikana. Nitaomba mistari yako mitatu niibandike ukutani.

Kidato cha Nne Masasi
Shikamooni. Mimi nakosa alama kwenye herufi za mwisho. Kwa nini elle serait venue ina e lakini elle aurait mangé haina? Na "ne... pas" inakaa wapi?

Binti wa Newala
Mdogo wangu, ukiona être, participe inamfuata mtenda: il serait venu, elle serait venue, ils seraient venus, elles seraient venues. Ukiona avoir, haimfuati mtenda. Ne na pas zinakibana kile kitenzi kisaidizi, participe inabaki nje: je ne serais pas venue, il n'aurait pas mangé. Na viwakilishi vinatangulia kisaidizi: je te l'aurais dit, ningalikuambia. Angalia hapo, Kiswahili kimemeza sentensi nzima ndani ya neno moja.

Mtembeza Wageni Kilwa
Kazi yangu ni kuongoza wageni Kilwa Kisiwani, kwa hiyo yangu ni tofauti kidogo. Mimi conditionnel passé niliikuta mahali ambapo hakuna si wala majuto.

Mwaka wangu wa pili wa kazi nilipanda Husuni Kubwa na mama mmoja Mfaransa, mwalimu mstaafu, anatembea polepole na fimbo. Tulisimama kwenye lile shimo la bwawa lenye pembe nane, bahari chini yetu. Nikamwambia: Le palais n'a jamais été achevé, jumba hili halikumalizika. Akaniuliza: Vous en êtes sûr? Una uhakika? Nikanyamaza, kwa sababu mimi pia niliambiwa tu. Akachora mchangani kwa ncha ya fimbo: n'aurait jamais été achevé. Akaniambia, ukiwa umeambiwa na hukuona, sema hivi.

Ndiyo "inasemekana" yao. Magazeti ya Ufaransa yamejaa hiyo: le ministre aurait démissionné, waziri anasemekana amejiuzulu, haijathibitishwa. Ukiitafsiri "waziri angalijiuzulu" umepotosha habari nzima.

Tangu siku hiyo nimegawa maelezo yangu mafungu mawili. Ninachokijua kwa maandishi nakisema moja kwa moja: Ibn Battuta alifika hapa 1331, Wareno waliupiga mji 1505, na 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa wa kununua watumwa elfu moja kila mwaka. Hapo situmii aurait hata mara moja. Mgeni Mfaransa akiusikia huo mkataba mara nyingi hunyamaza, nami namwacha anyamaze. Ya wazee, ya majini na hazina zilizofukiwa, yote yanakaa kwenye aurait.

Na yenye si nayo ninayo moja naipenda: Si les Portugais n'étaient pas venus, Kilwa serait restée riche, Wareno wasingalikuja, Kilwa ingalibaki tajiri. Wageni hubishana nayo mpaka tunafika kwenye boti.

Mzee wa Lindi Mjini
Mwalimu, nina neno. Sisi tulifundishwa -nge- ni ya sasa na -ngali- ni ya wakati uliopita. Siku hizi vijana wote "ningejua ningekuja", jana, leo, kesho, zote -nge-. Mtu asiyesikia tofauti katika lugha yake ataisikiaje ya Mfaransa?

Madame wa Shangani
Shikamoo mzee. Umegusa penyewe. Ndiyo maana darasani naanza na Kiswahili kabla ya kufungua kitabu cha Kifaransa. Ningejua ningekuja: si je savais, je viendrais, bado mlango uko wazi. Ningalijua ningalikuja: si j'avais su, je serais venue, mlango umefungwa. Halafu nawapa ya kuchanganya: ningalisoma, leo ningekuwa daktari. Si j'avais étudié, je serais médecin aujourd'hui. Sharti ni la zamani, tokeo ni la leo, kwa hiyo hapa je serais inasimama peke yake bila participe. Wanaosema -nge- kote huwa wanaikosa hii, wale waliolelewa na bibi zao wanaipata.

Shangazi wa Mitwero
Nimesoma kimya tangu jana. Mimi si mwanafunzi wa shule. Kaka yangu anaishi Mayotte, na watoto wake wamezaliwa na kusomea kule, Kifaransa ndiyo lugha yao. Nilianza kujifunza kwenye simu ili niweze kuongea nao.

Mama yetu alifariki mwaka juzi. Kaka hakuwahi kuja. Alinitumia sauti, anaanza Kiswahili, akizidiwa anaingia Kifaransa: J'aurais dû venir pendant le ramadan. J'aurais pu. Alirudia hayo maneno mawili mara nyingi sana. Nilikuwa nimefika somo la vyakula na siku za wiki, sikuyajua, ila nilijua anasema nini. J'aurais dû, ningalipaswa. J'aurais pu, ningaliweza. Hayo sikuyakariri, yaliingia yenyewe.

Siku ya arobaini ikaja barua ya binti yake, wa miaka kumi na moja, imepigwa picha. Mstari wa kwanza: Bibi, j'aurais aimé te connaître. Baba akataka asomewe. Nilikaa pembeni yake mkekani, watu wamekwisha kula, nikatafuta Kiswahili chake. Nikamsomea: "Bibi, ningalipenda kukujua."

Baba akaniambia rudia. Nikarudia. Akakaa kidogo, akasema, "Kumbe mtoto anakijua Kiswahili."

Sikumsahihisha.