Nukta mbili au tatu? Naandika mwongozo wa kulinganisha matawi ya Git

fundi_wa_zamu:
Wakuu, habari za kazi. Nimetwishwa kuandika mwongozo wa timu yetu: jinsi ya kulinganisha tawi lako la Git (programu ya kutunza historia ya msimbo) na main, yaani tawi kuu, kabla ya kuunganisha. Nikadhani ni kazi ya nusu saa. Nikaandika mstari mmoja, `git diff main..malipo` (malipo ni jina la tawi), nikafunga kompyuta.

Asubuhi mwenzetu mgeni ananiita: "Kaka, mbona tawi langu linafuta `risiti.py`? Mimi faili hilo hata sijalifungua." Natazama skrini yake, kweli, mistari 64, yote myekundu, yote ina alama ya kutoa. Kumbe faili lenyewe liliingizwa main juzi, yeye akiwa ameshachepuka. Nikaongeza nukta ya tatu, wekundu wote ukatoweka. Nikafurahi, nikaweka nukta tatu kwenye `git log` pia, zikamwagika komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa) za main nisizozitaka!

Sasa nishike lipi?

mzee_wa_terminali:
Hizo nukta zimeshawachezea wengi, usijilaumu. Alama ni zilezile, ila `diff` na `log` hazizisomi sawa. Tazama, kila herufi ni komiti moja:

```
A---B---C---D   main
     \
      E---F     malipo
```

`diff` inalinganisha hali mbili za mafaili, basi. Nukta mbili ni D na F, ncha kwa ncha, sawa kabisa na kuandika `git diff main malipo`. Chochote kilichoongezwa na C na D kitaonekana kama wewe umekifuta; ndiyo `risiti.py` yenu hiyo. Nukta tatu ni B na F, yaani kuanzia pale mlipoachana. B unaipata kwa `git merge-base main malipo`.

`log` yenyewe inahesabu komiti. Nukta mbili: E na F tu, zilizoko malipo na haziko main. Nukta tatu: C, D, E, F, za kila upande zisizo na mwenzake. Ongeza `--left-right` uone za main zina `<` na za malipo zina `>`.

Mchoro uweke juu kabisa ya mwongozo. Bila mchoro watakariri tu.

mvivu_halali:
Mimi nukta nisingezifundisha kabisa. Tangu Git 2.30 ipo `git diff --merge-base main malipo`, inajieleza yenyewe. Na kabla ya yote waambie `git fetch`, ivute mapya kutoka seva, kisha walinganishe na `origin/main`, yaani main ya kwenye seva. Main ya kwenye mashine ya mtu huenda ina wiki mbili haijaguswa.

mzee_wa_terminali:
La fetch nakuunga mkono. La nukta hapana, watakutana nazo tu. Hata GitHub kwenye ombi la kuunganisha inaonyesha tofauti ya nukta tatu.

fundi_wa_zamu:
Asanteni. Nimeandika upya, kila amri chini ya swali lake:

Nimebadilisha nini tangu nichepuke?
`git diff --stat origin/main...malipo`

Komiti zangu zipi hazijaingia?
`git log --oneline origin/main..malipo`

Nikampa yule mgeni asome, mimi nikakaa kimya pembeni. Amekwama mahali pamoja: tawi lake la zamani liliunganishwa kwa `--squash`, na `log` bado inamwambia komiti tano hazijaingia. Kazi yenyewe iko main, tunaiona kwa macho.

mzee_wa_terminali:
`log` haijadanganya. Squash imetengeneza komiti moja mpya yenye mabadiliko yote. Zile tano zake hazimo kwenye historia ya main, na hazitaingia. Hapo aulize mafaili, asiulize komiti: `git diff origin/main..tawi -- faili`. Ikitoka tupu, kazi imefika. Isipotoka tupu, aangalie kwanza kama kuna mtu ameligusa faili hilo main baada yake.

fundi_wa_zamu:
Nukta mbili tena! Na ule mstari nilishaufuta jana kwa hasira. Ngoja nikaurudishe.