Oldsmobile Cutlass Supreme ya 1972: wakuu nisaidieni kabla sijatoa hela

Mdigo wa Ohio
Wakuu, heshima kwenu. Niko Columbus huku, mwaka wa kumi na moja sasa. Kuna mzee mmoja mtaa wa pili anauza Cutlass Supreme ya 1972, milango miwili, rangi ya kahawia, paa la vinaili jeupe. Anataka dola 17,500. Nilikaa nikashika usukani nikajikuta nacheka peke yangu. Kiti cha mbele kimoja kirefu kama kochi la ukweni, gia iko kwenye shingo ya usukani, bonneti inaanzia hapa inaishia Korogwe.

Mzee anaisifia kwa mambo matatu: sura isiyochuja, raha ya kukaa, na mbio. Sura nimeiona mwenyewe. Hayo mawili ndiyo nawauliza. Kazini nakwenda na Corolla, hii itakuwa ya Jumapili na harusi. Ila mama watoto anauliza wanetu (miaka 4 na 7) watakaa wapi. Ninunue au nipige chini?

Shemeji Camry
1972 hata baba yangu hajaoa. Nunua Camry ulale usingizi.

Kabureta Kavu
Mkuu, umegusa ugonjwa wangu. Nimeshika spana za magari haya Michigan miaka mingi, na Cutlass zilikuwa zinatoka hukohuko Lansing. Ngoja nikueleze.

Raha, ni kweli tupu. Bodi imekaa juu ya chasisi yake, springi ni za koili miguu yote minne, hakuna za majani. Ukipita kwenye shimo unasikia "bup" kwa mbali kama jirani kafunga mlango. Lakini kwenye kona inalala kama dau limepigwa na kusi, na usukani mwepesi mno, haukuambii tairi linafanya nini. Wao waliiita gari ya saizi ya kati! Ina mita tano na ushee, inaipita Land Cruiser V8 kwa urefu. Pima gereji yako kwanza.

Mbio sasa. Hapo mzee kakutilia chumvi kidogo. Injini yake ya 350 (ni inchi za ujazo hizo) ya kabureta ya midomo minne ya mwaka 1970 iliandikwa nguvu za farasi 310. Mwaka 1971 kampuni mama, General Motors, ikashusha mgandamizo wa injini zake ili zikubali petroli yenye risasi kidogo. Halafu 1972 wakabadilisha na namna ya kupima: zamani injini ilipimwa ikiwa uchi, sasa ikapimwa na feni, egzosi na vikorokoro vyake vyote. Kwa hiyo ukiona namba ndogo kwenye karatasi za ya 1972, sehemu ni upungufu wa kweli, sehemu ni rula tu imebadilika. Ukikanyaga kutoka kwenye taa utafurahi, maana ni cc 5,700 na nguvu yake inaanzia chini. Ila usishindane na mtoto wa chuo mwenye Honda mpya.

Cha kuogopa ni kutu. Hapo Ohio barabara zinamwagiwa chumvi kila msimu wa baridi. Paa la vinaili linaficha maji chini yake, hasa kuzunguka kioo cha nyuma, yanashuka hadi kwenye buti. Fungua buti, nyanyua zulia, bonyeza sakafu kwa kidole. Chukua sumaku uivalishe soksi isikwaruze rangi, uipitishe nyuma ya matairi ya nyuma. Isiponasa, hapo unanunua puti, hununui bati.

Mzaramo Mkavu
350 si ileile ya Chevrolet, kampuni dada ya Oldsmobile? Spea zake bwerere, zimejaa kila kona.

Kabureta Kavu
Hapana ndugu yangu, hapo ndipo wengi wanaliwa. Chevrolet walikuwa na 350 yao, Oldsmobile yao, Buick yao, Pontiac yao. Namba moja, injini nne tofauti! Hata giaboksi ya Chevrolet haikai kwenye injini ya Olds bila adapta, matundu ya boliti hayalingani. Mdigo, fungua bonneti: bomba la kujazia oili likiwa mbele ya injini, hiyo ni Olds. Ikijaziwa kwenye kifuniko cha valvu, jua mtu kapachika injini nyingine, huenda ya Chevrolet, na bei ishuke. Muulize pia kama cheni ya taimingi imewahi kubadilishwa. Gia ya kemshafti ilitoka kiwandani na meno ya nailoni, yakizeeka yanakatika na kuanguka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

Mama Swaum
Nyie mnaongelea valvu, mimi naongelea watoto. Kaka, kiti cha nyuma cha gari hiyo kina mikanda ya kiunoni tu. Huyo wa miaka 4, kama kiti chake kina mikanda yake mwenyewe, kinaweza kufungwa kwa mkanda wa kiunoni, ila soma kitabu cha hicho kiti kwanza. Wa miaka 7 anayekalia kile cha kumnyanyua tu, hapana, kile kinataka mkanda unaopita begani. Kuna mafundi wanaoongeza mikanda ya begani nyuma. Iweke kwenye bajeti kabla ya rimu za kung'aa. Mkeo kauliza swali la maana kuwashinda wote hapo juu.

Mzaramo Mkavu
Na breki mkuu, angalia. Nyingine zilitoka na dramu pande zote nne, diski za mbele ulikuwa unaongeza hela. Dramu zikilowa, utasali sala zote unazozijua.

Jongoo wa Houston
Bima usiichanganye na ya Corolla. Tafuta ya magari ya kale, mnakubaliana thamani mwanzoni. Watataka ilale ndani na usiende nayo kazini. Wese mimi napata maili 13 kwa galoni nikiwa na adabu.

Bahari Beach
Ukiichoka ilete Mombasa niioe.

Mama Swaum
Kenya haipokei gari iliyozidi miaka minane, na usukani uko kushoto. Oa nyingine.

Mdigo wa Ohio
Mrejesho wakuu. Nimekwenda leo na sumaku kwenye soksi, mzee ananiangalia kama mganga. Bomba la oili liko mbele, ni Olds. Mbele kuna diski. Upande wa dereva sumaku imenasa vizuri. Upande wa abiria, nyuma ya tairi, imeanguka chini mara tatu. Kwenye buti kidole hakijazama ila kimetoka chekundu. Cheni hajui, kainunua hivyohivyo 1998.

Halafu akanipa ufunguo tuzunguke. Wakuu, ile "bup" ya Kabureta Kavu nimeisikia.

Nimempa 13,000, na hela ya mikanda nimeitenga pembeni. Kasema atamuuliza mkewe. Nikamwambia hata mimi.